Mpira Uliopita Katikati Yetu

Besiboli siijui, na ugonjwa wangu pia siujui vizuri, ingawa ulilala mwilini mwangu na mimi ndiye niliyeulisha. Nasema mapema ili, ukitaka kuelezwa dawa inafanya nini ndani ya damu, umuulize daktari wako. Mimi nina habari za kusubiri, habari za kucha, na habari za mzee mmoja Mkuba aliyekaa kiti cha pili kutoka dirishani. Nyingine zimechanganyika. Dawa zile hukoroga kichwa kama uji, na mpaka leo kuna mambo siwezi kuapa kama yalitokea Januari au Februari, au kama niliyaota tu dripu ikiwa mkononi.

Naitwa Wakesho, kwetu Voi. Hapa Birmingham nakaa Small Heath na mume wangu Mwadime, mtaa wa nyuma ya Coventry Road. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao, kuwaosha, kuwavisha, kuwakumbusha vidonge. Nimewaosha wengi waliochelewa kwenda kupimwa, kwa hivyo nilipogusa uvimbe kwenye titi, kesho yake nilikuwa kwa daktari. Majani yalikuwa yanaanguka. Yalipokwisha kufagiwa barabarani, nilikuwa nimeshaambiwa.

Jioni ile tulikaa sebuleni, mimi na Mwadime, na dada yangu Mkamburi akiwa kwenye simu kutoka Mombasa. Jambo lilikuwa moja: Mama. Baba yetu alikufa kwa kansa ya koo, na siku Mama alipoambiwa alianguka pale pale kwenye korido ya hospitali, presha imempanda. Tangu hapo neno lile halitajwi nyumbani kwetu. Tunasema "ule ugonjwa".

"Mama asiambiwe hivi hivi kwa simu," Mkamburi akasema. "Tutampoteza."

"Ataambiwa," Mwadime akasema. "Lakini kwa utaratibu."

"Ndiyo, kwa utaratibu," dada akaitikia.

Nikaona wamekubaliana. Nilikuwa nimechoka, sikuuliza utaratibu huo ni wa nani.

Kemo ya kwanza, ile tiba ya dawa za dripu, ilikuwa siku ya mvua nyembamba. Kama hujawahi kuingia chumba kile, usitarajie kilio. Kuna viti vya kuegemea vimepangwa ukutani, stendi za dripu, mashine zinazolia kila mfuko unapokwisha, na mama mmoja wa kujitolea anayepita na kigari cha chai na biskuti. Watu wanafuma, wanasinzia, wanalalamikia maegesho ya magari. Nesi aliniletea sindano ya dawa nyekundu na kunionya kwamba hata mkojo utakuwa mwekundu. Nilikuwa naitazama ikipanda kwenye mpira wa dripu nikasikia sauti pembeni.

"Usiitazame. Mpira ukija usiutazame kwa hofu, utakupiga mdomoni."

Ndivyo nilivyomjua Rigo. Alikuwa mzee mrefu, mweusi kama sisi, kofia ya kapelo, Kiingereza chake kina haraka na kinameza herufi za mwisho. Alikuwa na kansa ya tezi dume, na zamu zake za kemo zilienda sambamba na zangu, kila baada ya wiki tatu. Nilidhani ni Mjamaika. Akaniambia yeye ni Mkuba, mtoto wa kijiji cha kiwanda cha sukari huko mashariki, na kwamba katika maisha yake alifanya kazi moja tu, shotstopu.

Nikamuuliza hiyo ni kazi ya dukani au ya kiwandani. Alicheka mpaka nesi akaja kuangalia dripu yake.

Akanieleza. Kuna uwanja, kuna vituo vinne, mtu anapiga mpira kwa gongo na kukimbia kituo hadi kituo. Shotstopu husimama kati ya kituo cha pili na cha tatu, mahali ambapo mipira mingi mibaya hupita, na kazi yake ni kutopitwa. Nikauliza kwa nini basi asisimame juu ya kituo chenyewe. Akafungua mdomo, akaufunga, akasema hilo tutalifikia. Hatujalifikia mpaka leo, au tulilifikia nikiwa nimelala.

Siku ile alinisimulia utoto wake. Glovu yake ya kwanza baba yake aliishona kwa turubai la lori. Uwanja ulikuwa na mawe, kwa hivyo mpira ulidunda ovyo, na ndiyo maana mikono yake ikawa myepesi. Alipofikia umri wa kunyoa ndevu alikuwa timu ya mkoa, na watu waliacha kukata miwa wakimtazama. Hayo nayakumbuka vizuri, maana kichwa changu kilikuwa bado kizima.

Nywele zilitoka kabla ya Krismasi. Nikipitisha kitana, kinarudi na fungu zima. Mwadime akaninyoa jikoni kwa mashine yake ya ndevu. Kwetu nywele za mtu hazitupwi ovyo, basi akazikusanya kwenye mfuko, akatoka nazo nje, akasimama mbele ya mapipa ya taka, hajui zinaingia lipi. Nilimwona dirishani. Mwishowe alichukua kijiko kikubwa cha jikoni akachimba karibu na ua, na ardhi ilikuwa ngumu kwa baridi. Nilimpenda sana dakika ile, na sikumwambia.

Mama tulikuwa tunaongea naye Jumapili, simu ya video, akishatoka kanisani. Yeye ni mwenyekiti wa kwaya ya akina mama, na hupenda kuniimbia walichokiimba. Nilivaa boshori la sufu mpaka kwenye nyusi.

"Ndani ya nyumba pia mnavaa boshori?" akauliza.

"Huku baridi ni baridi, Mama."

"Na uso mbona umefura?"

"Krismasi hii. Nimekula."

Uongo wa kwanza una aibu. Wa pili unakuja wenyewe, hata hujauita.

Kemo ya pili, Rigo alinisimulia alivyoondoka Kuba. Timu ilikuwa nje ya nchi kwa mashindano, akatoka hotelini na begi dogo, hakurudi. Mtu aliyefanya hivyo enzi zile hakuruhusiwa kurudi kwao. Alisema mama yake alijua. Usiku wa kuamkia safari alimshonea mfuko wa siri ndani ya suruali, akamwambia nenda.

Kemo ya tatu kulikuwa na theluji, mabasi yamechelewa, chumba cha kusubiri kimejaa makoti yenye maji. Rigo alinisimulia miaka yake ya Amerika. Alianzia ligi za chini, kulala kwenye basi, mji baada ya mji, na mwezi mzima alikula kuku tu kwa sababu neno hilo ndilo pekee alilojua kuagiza. Kisha akapandishwa ligi kuu. Alidumu misimu kadhaa, si kwa kupiga, kwa kupiga alikuwa wa kawaida, bali kwa mikono. Halafu akarudia habari za kuondoka, na safari hii mama yake hakujua lolote. Alikuwa jikoni anakaanga ndizi, na Rigo akamwambia mlangoni, "Nitarudi Jumapili."

Nikashangaa. Nikamwambia, "Si ulisema alikushonea mfuko?"

Akanitazama kama mtu aliyeamshwa. "Nilisema hivyo?"

"Ulisema."

"Labda," akasema. "Sijui tena, binti. Mfuko ulikuwepo. Nani aliushona?"

Mimi pia nikaanza kujitilia shaka. Siku hizo nilikuwa nimeweka simu yangu kwenye friji, na nilishamwita Mwadime kwa jina la mmoja wa wazee wangu wa kazini. Kwa hivyo sikubishana naye. Nilichobaki nacho ni kwamba mama yule hakumwona mwanawe tena, na hilo alilisema mara zote mbili.

Februari wakanibadilishia dawa. Ya kwanza ilikuwa imenipokonya nywele, ya pili ikafuata kilichobaki. Nyusi zikaondoka. Kucha zikawa nyeusi kutoka shinani, zikiuma nikifunga kifungo cha shati. Ncha za vidole zikafa ganzi. Rigo naye zake zilikufa ganzi. Alikuwa na mpira mfukoni mwa koti, mgumu, mweupe, wenye mshono mwekundu, akanipa niushike.

"Unausikia mshono?"

"Siusikii."

"Hata mimi," akasema. "Maisha yangu yote nimekula kwa mshono huu." Akaurudisha mfukoni.

Aliyeniokoa wiki zile ni Halima, jirani yangu, Msomali aliyekulia Garissa. Anaongea Kiswahili kitamu kuliko changu na hagongi mlango. Boshori liliponiwasha akalitupa, akanifunga mtandio wake laini wa pamba, akaukunja chini ya kidevu usilegee. Akanichora nyusi kwa wanja. "Sasa una uso," akasema. Baada ya dripu hakikukaa kitu tumboni mwangu mchana kutwa, ila jioni Halima akija na uji wenye iliki niliweza vijiko viwili vitatu. Ramadhani ilikuwa imeingia, yeye anafunga, na bado alikuwa anapika akiwa na njaa ili mimi nile. Mungu amlipe.

Jumapili moja Mama akapiga. Nikapokea bila kufikiri, mtandio kichwani.

"Umependeza," akasema polepole. "Lakini umekonda. Umekula?"

"Bado, Mama. Mchana siwezi. Nitakunywa uji jioni."

"Jioni." Akasogeza simu karibu na macho. "Na kucha ni nini hizo? Umepaka piko, ile hina nyeusi?"

Nikaficha mkono. Kabla sijapata uongo, Halima akapita nyuma yangu na kikapu cha nguo, akainama mbele ya simu kwa adabu zake zote. "Asalaam aleikum, Mama. Shikamoo."

Mama akaitikia shikamoo. Akautazama mtandio wa Halima, kisha wangu. Kisha akasema, "Haya. Mungu ni mmoja," akakata.

Sikuelewa. Nilidhani mtandao. Nikapiga, hakupokea. Jumapili iliyofuata hakupokea, na ile nyingine pia. Ndipo Mkamburi akanipigia, sauti yake imebana.

"Dada, Mama anasema umesilimu."

Nilicheka mpaka nikatapika. Halima nilipomweleza akajishika kiuno. "Nikusilimishe mimi? Wewe hata bila kufunga unashindwa kusimama." Tulicheka wote wawili, kisha yeye akaacha. "Lakini mwambie mama yako. Sitaki mzee wa watu huko Voi anione mimi mwizi wa watoto."

Mkamburi alisema Mama haongei na mtu. Kwaya anakwenda, akirudi anajifungia. Swali lake ni moja tu: hata kama nimebadili dini, mbona nisimwambie? Mtoto aliyemzaa anamficha Mungu wake?

Na mimi nilikuwa na tarehe ya upasuaji. Usingizi wa dawa ni usingizi, unaweza usiamke, na karatasi ya kukubali ukiisoma utaona wameandika hivyo waziwazi. Kufa kwenyewe sikukuwaza sana. Niliwaza kufa Mama amenikasirikia kwa jambo ambalo sikufanya, na la kweli hajui.

Nikamgeukia Mwadime jikoni. "Ulisema ataambiwa kwa utaratibu. Mbona hujamwambia?"

Akaacha kijiko. "Mimi? Mimi ni mkwe, Wakesho. Nisimame mbele ya mama mkwe nimtajie titi? Dada yako ndiye angekwenda Voi."

Nikampigia Mkamburi, nikaweka spika. "Mimi kitinda mimba?" akasema. "Habari mbaya hutoka kwa mume. Angemtuma mjomba wake, mjomba amwone mchungaji, mchungaji aende kwa Mama. Nimekaa nangoja mjomba miezi yote hii."

Mwadime akainamisha kichwa. Hakuna aliyekosa adabu hapo. Kila mmoja alikuwa amesimama mahali pake, akimheshimu mwenzake, na Mama yuko peke yake. Nilitaka kuwakasirikia nikashindwa kujua nianze na nani.

Ndipo nikakumbuka kitu ambacho Rigo alinisimulia kemo ya tano, nami nilikuwa nimekisikia nusu nusu. Alisema mpinzani akiwa kituo cha kwanza, huja wakati anaamua kuiba cha pili, yaani kukikimbilia kabla mpira haujapigwa, anachomoka mbio. Hapo mtu lazima akimbilie kituo kupokea mpira, ama shotstopu ama mwenzake wa upande wa pili, na huwezi kusema kwa sauti nani aende, maana adui anasikia. Kwa hivyo shotstopu huficha uso kwa glovu akampa mwenzake ishara ya mdomo. Mdomo umefungwa, naenda mimi. Mdomo umeachama, nenda wewe.

Na mchezo mmoja, wa mwisho wa msimu, jua limewapiga usoni, alitoa ishara. Mkimbiaji akachomoka. Mpira ukatupwa kituo cha pili, mtupo safi kabisa, na kituoni hapakuwa na mtu. Ukapita katikati yao ukaenda zake uwanjani.

"Nani alikosea?" nilimuuliza.

"Tuliulizana miaka mingi. Yeye anasema mdomo wangu ulikuwa wazi kidogo. Mimi sijui, nilikuwa nyuma ya glovu, siuoni mdomo wangu mwenyewe." Msimu uliofuata nafasi yake ilipewa kijana, goti nalo likakataa. Akaenda Italia kufundisha watoto, na uzeeni akaja kwa bintiye Longbridge, kwenye nyumba mpya zilizojengwa palipokuwa na kiwanda cha magari.

Sasa nayaandika haya majani yakianguka tena. Upasuaji nilifanyiwa baada ya Pasaka, mionzi nikamaliza joto la kiangazi limeanza, na nywele zimerudi laini, za kipilipili cha mtoto mchanga. Rigo pia yupo. Bintiye hunitumia picha zake akirusha mpira na wajukuu kwenye nyasi. Vidole bado havisikii, anasema, lakini macho yanatosha. Nimetanguliza haya ili usisome kilichobaki kwa hofu.

Kemo ya sita, ya mwisho, nilimkuta keshafungwa dripu. Nilimweleza yote, Mama, mtandio, Ramadhani, mkwe, kitinda mimba. Sijui alielewa kiasi gani. Nikamwambia, "Nimemwandikia ujumbe kwamba sijabadili dini, apokee simu. Lakini naogopa akianguka, nani atamdaka?"

Rigo akachukua gazeti lililokuwa mapajani, akalipandisha mpaka machoni. Halafu akaligeuza kidogo upande wangu, wengine wasione. Alikuwa ameachama, mdomo wazi kabisa, fizi na meno.

Nikapiga.

Mama alipokea. Alikuwa amekaa kitandani kwake, na ukuta wa nyuma una picha ya Baba. Hakunisalimia. Nami sikuamini ulimi wangu, basi nikafungua mtandio nikauvua.

Akatazama kichwa changu. Kwetu mtu hunyolewa akifiwa. "Nani amekufa?" akauliza. "Mwadime?"

"Hakuna aliyekufa, Mama. Ni ule ugonjwa."

"Wa baba yako?"

"Wa titi."

Niliona mkono wake ukishika ukingo wa kitanda. Nikaita, "Mama," kwa sauti, mpaka nesi akageuka. Lakini hakuanguka. Akakaa vile vile, amenikazia macho, na machozi yakaanza kumtoka bila uso kukunjamana.

"Na kucha zile?"

"Dawa."

"Na kutokula?"

"Dawa, Mama. Mchana chakula hakipiti."

"Kwa hivyo hufungi."

"Sifungi."

Akajifuta kwa kiganja. Akawa anafikiri, midomo inacheza. Kisha akasema, kama anayenishtaki, "Basi mimi siku zote hizi nafunga Ramadhani ya nani?"

Sikumwelewa mara moja. Halafu nikaelewa. Mama yangu hali chakula kabla ya mtoto wake. Tulipokuwa wadogo tulirudi kutoka shule tukakuta sufuria imefunikwa, na yeye hajaonja, hata tukichelewa namna gani. Sasa huyu mwenyekiti wa kwaya, amenikasirikia, hataki kusikia sauti yangu, alikuwa anaamka Voi kabla ya alfajiri na kukaa na njaa mpaka jua lizame, akiwaficha akina mama wenzake, kwa sababu mtoto wake Uingereza hajala.

"Kula, Mama," nikasema.

"Wewe umekula?"

"Bado."

"Basi usiniambie kula."

Rigo akanigusa. "Anasemaje? Ameanguka?"

"Hajaanguka. Alikuwa anafunga."

"Ni Mwislamu?"

"Hapana."

"Wewe?"

"Hapana."

"Sasa nani anafunga?"

Nikashindwa kumweleza, kama yeye alivyoshindwa kunieleza kwa nini shotstopu hasimami juu ya kituo. Alinyoosha mkono kwenye kigari cha chai kilichokuwa kinapita, akachukua biskuti, akaniwekea kwenye kiganja changu kisichosikia, akakikunja mwenyewe kwa vidole vyake visivyosikia.

Nikaiinua Mama aione. Nikauma. Ilikuwa na ladha ya chuma, kama kila kitu siku zile, nikaitafuna polepole ili ishuke.

Mama alisubiri mpaka nimemeza. Kisha akainuka, akaniacha nikitazama picha ya Baba ukutani, na nikasikia kifuniko cha sufuria kikifunguliwa.